Shaba iliyoiva na shaba iliyovundikwa

Hotuba kwa wakusanyaji wa sarafu, Upanga, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, dada na kaka zangu, itifaki imezingatiwa. Wazee, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Mmoja wenu akisema "sina hela", na mwenzake akamjibu "hata mimi sina pesa", wote wawili wametaja sarafu ya shaba. Pesa ilikuwa sarafu ya shaba iliyotolewa na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki kuanzia 1890, upande mmoja tai, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Jina lilikuwa limeshavuka bahari zamani kutoka Bara Hindi, kwenye paisa. Hela nayo ni heller, sarafu iliyoingia 1904 Wajerumani walipoacha kuigawa rupia kwa pesa 64 wakaigawa kwa heller 100. Na anayesema hana hata ndururu, ametaja senti 5 ya wakati wa Mwingereza, nayo ni shaba, ina tundu katikati.

Nimeanza na hilo ili mjue kwa nini jambo hili linaniuma. Sarafu hizi zimo midomoni mwetu kila siku. Zimebaki chache, na hizo chache zinaharibiwa kwa mikono ya watu wanaotaka zipendeze. Nazungumzia rangi. Nataka tujue rangi ambayo sarafu ya shaba imeipata yenyewe kwa miaka, na rangi ambayo mtu ameitia jana usiku jikoni.

Nimetafuta neno la kuitaja hiyo rangi ya pili nikalipata kwa kina mama wa soko la Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo. Ndizi iliyoivia mgombani haiivi yote kwa pamoja. Chane za juu hutangulia, za chini hufuata, na upande uliopigwa jua hutofautiana na ule uliofunikwa na majani. Ndizi iliyovundikwa kwa haraka huwa njano mkungu mzima, siku moja, rangi moja, na ukiimenya ndani bado ngumu. Mama anayeuza ndizi hahitaji kumenya. Anatazama mkungu, anakwambia. Basi mimi sarafu za namna hiyo naziita zilizovundikwa, na ninachotaka mwondoke nacho leo ni lile jicho la mama muuza ndizi, linalouliza: rangi hii imefikaje hapa, imepitia wapi?

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa kuliwa fedha. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua heller 1 ya mwaka 1913. Aliyeniuzia simtaji. Ilikuwa na rangi za shingo ya njiwa, zambarau inayoingia kwenye bluu, na kijani kidogo ukingoni. Nilitoa shilingi laki moja na nusu, nikaiweka kwenye pochi nikijiona nimeokota lulu. Nikaipeleka kwa sonara mmoja mzee, Kisutu, aniazime lenzi yake niitazame vizuri. Yule mzee hakuweka lenzi jichoni. Aliinusa kwanza.

"Mwalimu," akaniambia, "hii imepikwa. Sisi fedha tunaitia weusi kwa dawa hiihii."

Dawa aliyoisema ni ile ya salfa na potasiamu, ambayo masonara hutumia kutia giza kwenye michoro ya bangili na vipete ili nakshi ionekane. Ina harufu ya yai viza, na harufu ile hudumu kwenye mashimo madogo ya chuma kwa muda. Nilifundisha kemia sekondari miaka mingi, dawa hiyo naijua, harufu hiyo naijua, na bado sikuinusa sarafu yangu kabla ya kulipa. Nilikuwa natazama uzuri.

Tulipoitazama sasa kwa lenzi, kila kitu kilikuwa wazi. Heller ina taji la kifalme upande mmoja. Kilele cha lile taji kilikuwa kimelika, kimekuwa bapa, maana yake sarafu ilizunguka sana sokoni, imepita viganja vingi. Lakini zambarau ya pale juu palipolika ilikuwa sawasawa na zambarau ya kwenye vibonde kati ya herufi. Hilo haliwezekani kwa njia ya kawaida. Mahali panaposuguliwa na vidole na mahali ambapo kidole hakifiki, haviwezi kuwa na historia moja. Tena chini ya ile rangi kulikuwa na mikwaruzo membamba kama nywele, mingi, yote imeelekea upande mmoja, na ndani ya mikwaruzo yenyewe mlikuwa na rangi ileile ya zambarau. Mtu alianza kwa kuisugua, ikawa nyekundu tupu kama ngozi iliyobabuka, akaona haitauzika, ndipo akaivundika.

Sasa niseme shaba inavyofanya ikiachwa peke yake, kwa sababu ukilijua hilo mengine yanafuata.

Shaba ikitoka kiwandani ina wekundu wa waridi unaoelekea kwenye machungwa. Haidumu hivyo. Oksijeni ya hewani inaanza kazi mara moja, na uso unajivika utando wa oksaidi. Kuna oksaidi ya shaba iliyo nyekundu, na kuna nyingine iliyo nyeusi. Salfa kidogo iliyomo hewani, kwenye moshi, kwenye karatasi na kwenye jasho, nayo inaongeza salfaidi yenye weusi. Vikichanganyika taratibu vinatoa kahawia. Ndiyo maana sarafu nyingi za shaba zilizozeeka kwa amani zina kahawia tulivu, na zile zilizotunzwa vizuri zina kahawia inayong'aa kwa ndani kama haluwa. Kampuni za kupima ubora wa sarafu za Marekani, kama PCGS na NGC, zinazitenga sarafu za shaba katika makundi matatu ya rangi: nyekundu, nyekundu-kahawia, na kahawia. Hizo ndizo rangi za kawaida za shaba. Nyingine ni wageni, na mgeni huulizwa anakotoka.

Je, bluu na zambarau haziji zenyewe? Zinakuja. Mmeona madimbwi ya masika mbele ya gereji, dizeli kidogo ikielea juu ya maji, upinde wa mvua unatokea. Dizeli haina rangi hizo. Ni utando mwembamba: mwanga unaorudi kutoka juu ya utando na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana, baadhi ya rangi hufutana na nyingine huimarishana, ikitegemea unene. Kwenye sarafu unene huo hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu ya bilioni moja ya mita. Utando ukiwa mwembamba unaona njano ya asali, ukizidi unaona wekundu wa zambarau, ukizidi tena bluu, halafu kijani. Utando unaokua polepole hukua kwa mtelemko, kwa hiyo rangi zake zinapokezana kwa utaratibu huo. Ukiona njano imegusana na bluu ana kwa ana, hakuna kitu katikati, simama hapo. Lakini msije mkaufanya utaratibu huo kuwa hati ya usafi. Shaba ikichomwa kwa moto nayo hupitia rangi kwa mfuatano, ila kwa dakika badala ya miaka. Utaratibu wa rangi ukikosekana ni shaka. Ukiwepo, bado una kazi.

Halafu kuna hewa yetu. Hapa Dar hewa ina unyevu mwaka mzima na chumvi ya bahari. Chumvi ni kloridi, na kloridi ni adui wa shaba. Inaingia chini ya utando, inachimba, inaleta vidoa vyeusi na wakati mwingine unga wa kijani kibichi unaorudi kila ukiufuta, kama ukoga wa ukutani. Huo ni ugonjwa, wala si rangi ya uzee. Kwa hiyo mtu akikuletea heller anayosema imekaa kwenye kasha la babu yake Mbweni au Kigamboni tangu Mjerumani, nayo imevaa upinde wa mvua safi usio na kidoa hata kimoja, muulize kasha hilo lilikuwa la namna gani. Sarafu ya pwani hii iliyozeeka kihalali ina makovu yake. Heller nyekundu zipo, ndiyo, nyingine zilikaa Ulaya kwenye droo kavu, lakini nyekundu hizo huwa hazikulika. Sarafu iliyolika halafu ikawa nyekundu uso mzima imeoshwa. Wekundu wa asili hutoweka kwanza penye vidole na kubaki mwisho penye ulinzi, kwenye vipembe vya herufi na kuzunguka shada la majani.

Nina mfano ambao naupenda kuliko sarafu yoyote ya bei. Bibi yangu mzaa mama, Bagamoyo, aliacha tungo la senti 10 za mwaka 1952, zile zenye tundu, amezitunga kwenye uzi wa katani na kufunga fundo. Inaonekana alizipata zikiwa karibu mpya. Nilipolifungua tungo lile, kila sarafu ilikuwa na maelezo yake. Zile mbili za mwisho zilikuwa zimeiva zaidi upande wa nje, kahawia nzito, kwa sababu ndizo zilizokuwa zinatazamana na hewa. Za katikati zilikuwa na kahawia ukingoni, kisha rangi inapungua, inapungua, hadi karibu na tundu unakuta wekundu bado upo hai. Kwenye tundu lenyewe kuna alama nyeusi upande mmoja, pale uzi ulipokuwa unashika unyevu. Na katikati ya tungo ilikuwepo ndururu moja, ambayo ni ndogo kuliko senti 10. Zile senti 10 mbili zilizoibana zimebaki na mduara uliochorwa kwa rangi, mduara wa upana wa ndururu, ndani mwekundu, nje kahawia, na mpaka wake umelainika kama kivuli cha jioni.

Hakuna mpishi anayeweza kutengeneza hilo. Nilikaa na tungo lile siku nzima. Ningekuwa nimeziosha kwa ndimu na chumvi, kama jirani alivyonishauri, ningekuwa nimefuta namna bibi alivyokuwa anaweka akiba.

Baada ya ile heller kuniumiza niliamua kujifunza upishi wenyewe. Nilichukua senti 5 zetu, zile za pembe 12 zenye samaki sulisuli upande mmoja na sura ya Mwalimu upande wa pili, zilizoanza 1966. Ni shaba iliyochanganywa na bati, yaani bronzi, nazo zipo nyingi, hazina bei ya kulilia. Wala sikumuuzia mtu hata moja, nimeziandika.

Ya kwanza niliiweka kwenye chupa ya jemu pamoja na yai lililochemshwa na kukatwa. Salfa ya kiini ilifanya kazi kimyakimya. Baada ya saa chache upande uliotazama yai ulikuwa na njano, kisha wekundu wa zambarau, na nilipoiacha hadi asubuhi ukawa giza la kijivujivu. Upande uliolalia chupa ulibaki karibu kama ulivyokuwa. Ya pili niliiweka kwenye kikaango juu ya gesi. Kwa dakika tu ilipita machungwa, wekundu mzito, zambarau, bluu, na nilipochelewa kuiondoa ikawa nyeusi kavu. Rangi yake ilifunika samaki na bahari yake bila kubagua, bluu ileile kwenye pezi na kwenye uwanda. Ya tatu niliipaka dawa ya sonara kwa pamba, na alama za pamba zinaonekana hadi leo, michirizi iliyopinda kufuata mkono wangu. Ya nne niliifanyia uchafu wa kitoto: niliiosha, kisha nikaipaka rangi ya viatu ya kahawia, nikaisugua kwa kitambaa. Nitawaambia kitu: kwa macho matupu, chini ya taa ya dukani, hiyo ya nne ndiyo iliyowadanganya watu wengi zaidi niliowaonyesha. Ilikuwa kahawia nzuri, tulivu, ya heshima.

Kwa hiyo tusikimbizane na bluu peke yake. Kahawia nayo inapikwa, tena ndiyo inayopikwa zaidi, kwa sababu wengi wanaivundika sarafu iliyooshwa ili kuficha kwamba imeoshwa.

Basi uitazameje? Mimi naanza na taa. Taa moja, ya upande, mezani, zima nyingine zote. Shika sarafu kwa ukingo, iinamishe polepole uizungushe. Sarafu ambayo uso wake haujaharibiwa ina miali inayozunguka pamoja nawe kama mikono ya saa. Miali hiyo inatokana na mistari midogo mno iliyoachwa na chuma kilipotiririka chini ya nguvu ya mashine ya kugongea. Asidi ikipita inaila mistari hiyo, na mng'ao unaobaki ni mng'ao wa sufuria: unawaka mahali pamoja, hauzunguki. Rangi ya asili hukaa juu ya mng'ao na kuuacha upumue kutoka chini. Rangi ya kupikwa juu ya sarafu iliyooshwa huonekana kama pazia. Hili ni gumu kulieleza kwa mdomo na jepesi kulionyesha, tutalifanya baadaye. Kwa sarafu iliyolika sana miali haipo tena, basi hapo tegemea vilima na vibonde: palipoinuka na palipojificha pawe tofauti.

Kisha lenzi, ya kukuza mara 5 hadi 10, inatosha. Kwa lenzi natafuta mikwaruzo na kuuliza kipi kilitangulia. Mkwaruzo uliokata rangi, ndani yake shaba mbichi inaonekana, umekuja baada ya rangi. Mkwaruzo uliojaa rangi ulikuwepo kabla. Mmoja au wawili uliojaa si neno, sarafu ilianguka 1920 ikaendelea kuzeeka. Msitu wa mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, wote umejaa rangi mpya ya aina moja, ndiyo ile heller yangu. Tazama pia kando ya herufi. Rangi iliyokuja kwa miaka mara nyingi huacha ufito mwembamba wa rangi nyingine ukikumbatia herufi, kwa kuwa pale chuma kilitiririka kwa namna tofauti. Rangi ya maji ya dawa hujikusanya kwenye kona ya herufi kama chai iliyokauka kwenye kisahani.

Halafu, ndugu zangu, tuna bahati ambayo wakusanyaji wa nchi nyingi hawana: matundu. Senti zetu za Mwingereza zina tundu, na wapishi wengi hawalifikirii. Ingiza mwanga ndani ya tundu, tazama ukuta wake. Kama uso una kahawia ya miaka 70 na ukuta wa tundu ni mwekundu uliosafishwa, au una tone la rangi limekaukia humo, umepata jibu. Fanya hivyohivyo kwenye ukingo wa nje.

Nusa. Sioni aibu kulirudia hilo.

Na mwisho asetoni. Asetoni halisi haiondoi oksaidi wala salfaidi. Inaondoa mafuta, nta, vanishi, rangi ya viatu. Nilipoichovya ile senti 5 ya nne, asetoni ikageuka chai na samaki akabaki uchi, wekundu wake wa kuoshwa nje. Msitumie dawa ya kuondolea rangi ya kucha ya madukani, nyingi zina manukato, mafuta na maji ndani yake. Na msifanye karibu na jiko, asetoni inashika moto kwa mvuke wake tu. Fungueni madirisha. Rangi ikivuka salama asetoni, bado haijathibitishwa kuwa ya asili, imethibitishwa kuwa si ya kupakwa kwa mafuta. Ile ya kikaango ilivuka bila kutikisika.

Mnaona sasa kwamba hakuna kipimo kimoja. Nisiwadanganye kwamba ukiyafanya yote utakuwa na uhakika kila mara. Kuna sarafu ambazo mimi na yule sonara tumebishana mwezi mzima. Hata hizo kampuni kubwa za upimaji, sarafu ileile ikipelekwa mara mbili, kuna wakati hurudi na majibu mawili. Na mpaka wenyewe una ukungu. Kiwanda cha sarafu cha Uingereza, Royal Mint, kuanzia 1897 kilikuwa kikitia giza sarafu mpya za farthing, yaani robo ya peni, kwa makusudi, kwa sababu zilikuwa zinafanana kwa ukubwa na nusu sovereign ya dhahabu, zikiwa mpya mtu angeweza kudanganywa. Peni za 1944 hadi 1946 nazo zilitiwa giza kiwandani, kwa dawa ileile waliyotumia wapiga picha kusafishia filamu. Rangi hiyo imetiwa na mkono, lakini ndivyo sarafu ilivyozaliwa, na atakayeisugua ili ifikie wekundu "wa asili" ameiharibu. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu sarafu yoyote, jua kiwanda chake kiliitoaje.

Vivyo hivyo kwa sarafu za Tabora. Mwaka 1916, vita vikiwa vimekata njia ya bahari, Wajerumani waligonga heller 20 kwenye karakana ya reli Tabora, nyingine kwa shaba nyekundu, nyingine kwa shaba ya njano. Ziligongwa kwa dharura, nyuso zake hazilingani, na ukizipima kwa macho yaliyozoea kutazama heller za Berlin na Hamburg utazishuku zote. Shuku kitu kingine: shaba ya njano ikilowekwa kwenye asidi, zinki hutangulia kutoka na uso unabaki na wekundu. Tazama ukingo.

Nigusie Kilwa, kwa sababu niliulizwa mlangoni. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, kama zile za Ali bin al-Hasan, hazimo katika biashara yetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Ukiokota, usiuze, usioshe, usichokonoe mchanga ulioshikamana nayo. Peleka kwenye mamlaka ya mambo ya kale na useme ulipoiokota. Mnajua sarafu 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na watu wanauliza hadi leo zilifikaje. Sarafu ya namna hiyo, kutu yake ni ushahidi, pengine ushahidi pekee uliobaki.

Wanaouza humu ndani, na mnajulikana, nawaomba kwa heshima. Kama umeiosha, sema umeiosha. Kama umeinunua tayari ina rangi na huijui, sema huijui. Kijana anayenunua heller yake ya kwanza kwa fedha ya bodaboda akija kugundua kwamba alipikiwa, hatanunua ya pili, na sarafu atazikimbia maisha. Mimi nilikaa miaka miwili bila kugusa sarafu yoyote.

Kuhusu kutunza, nitakuwa mfupi. Acheni vifuko vya plastiki laini vinavyonuka kama pazia jipya la bafuni, plastiki ile hutoa ute wa kijani unaokula shaba. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu msivitupe, vitieni kwenye kasha na mvibadilishe. Msishike uso kwa kidole, alama ya kidole kwenye shaba hukaa milele.

Sasa tusogee mezani. Nimeleta taa, lenzi tatu, na sahani mbili. Kwenye sahani ya kwanza kuna senti 10 mbili za bibi, zile zenye mduara wa ndururu. Hizo mzitazame tu. Kwenye ya pili kuna senti 5 nane. Nne ni zile nilizozipika, ya rangi ya viatu nimeipaka upya, na nne zimetoka kwenye kopo la kaka yangu, hazijaguswa. Namba zimeandikwa chini ya kila moja na majibu yamo kwenye bahasha hii, ambayo mwenyekiti ataishika. Mzee wangu pale mbele, tafadhali anza wewe. Shika kwa ukingo. Na kabla hujaweka lenzi jichoni, inuse.